Maneno Yaliyokatwa Mkia

Ndugu msomaji, hebu msikilize mtu anavyosema siku hizi anaposimama mbele ya wenzake.

"Leo tumekuja kuzungumza habari za ki...?"

"Limo!" watu wanaitikia.

"Na kilimo ni uti wa m...?"

"Gongo!"

"Sasa sisi hapa Bariadi tunalima pa...?"

"Mba!"

Msemaji analianza neno, anapandisha sauti, halafu ananyamaza. Wasikilizaji ndio wanaolimalizia. Akianza jingine, nalo analikata vivyo hivyo. Mkutano ukimalizika, watu wamechoka kama waliokuwa wakitwanga mtama.

Utayasikia haya shuleni, kanisani, zahanati, mnadani na kwenye mikutano ya kijiji. Ukifungua redio, nako yamo. Siku hizi yameingia hata katika mazungumzo ya watu wawili. Kijana mmoja tulikutana njiani, yeye akiwa na baiskeli na mimi nikitembea kwa miguu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimetoka Ma...?" Akanyamaza, akawa ananitazama. Mimi nitajuaje alikotoka? Labda Maswa, labda Magu. Mtu anasafiri mwenyewe, halafu mimi ndiye nitaje safari yake!

Tabia hii ina ndugu zake wawili. Wa kwanza ni yule anayejiuliza maswali na kujijibu mwenyewe. "Jana nilikwenda wapi? Mnadani. Kununua nini? Mbuzi. Nikakutana na nani? Na shemeji." Maswali matatu, na mimi sikuuliza hata moja. Wa pili ni yule anayepandisha sauti mwisho wa kila sentensi, hata kama haulizi kitu. Anakuja mlangoni, anasema, "Nimeleta barua?" Unabaki kujiuliza kama ameileta au anataka wewe umwambie.

Mimi mambo haya yananiudhi, na sitaficha. Lakini kuudhika peke yake si hoja. Wazee huudhika kwa mambo mengi, na mengine hayana maana. Kwa hiyo nitaeleza kwa nini jambo hili nalitenga na mengine.

Wewe uliyejifunza kusoma unaikumbuka alama ya kuuliza. Mwalimu aliichora ubaoni, ikafanana na sikio la mtu lenye nukta chini yake. Akakuambia kwamba ukiiona alama hii, sauti ipande. Ukiiona nukta, sauti ishuke na upumzike. Sasa soma sentensi hizi mbili kwa sauti:

Mama amekwenda kisimani.

Mama amekwenda kisimani?

Maneno ni yale yale, wala hakuna hata herufi moja iliyobadilika. Katika ya kwanza napewa habari. Katika ya pili naulizwa habari. Kwenye karatasi, kinachozitenga ni ile alama tu. Mdomoni, kinachozitenga ni sauti tu. Ni kweli, tunaweza kutanguliza neno "je", lakini katika maneno ya kila siku wengi hatulitumii. Tunaitegemea sauti. Mtu akiipandisha kila mara, ni sawa na mwandishi aliyetia alama ya kuuliza mwisho wa kila sentensi. Barua ya namna hiyo ungeirudisha.

Sisi wenyeji wa huku tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengi. Kisukuma chetu ni lugha ya sauti za kupanda na kushuka. Neno likipandishwa mahali pasipo pake, mzee anageuza kichwa. Mwaka 1959, Irene Richardson alichapisha London kitabu kizima kuhusu kazi ya sauti hizo katika Kisukuma. Yaani bibi zetu walikuwa wakipandisha na kushusha sauti shambani bila hata kufikiri, na msomi akahitaji kitabu kizima kueleza walivyofanya.

Sasa niyataje yale ambayo siyagombi.

Sigombi na salamu za vijana. Wakiambiana "mambo" na "poa", ni wao kwa wao. Mradi wakikutana na mzee wamwamkie inavyostahili, kwa Kiswahili au kwa kusema "mwangaluka", mimi sina neno. Sigombi na kijana anayesema "kiukweli" mahali ambapo mimi ningesema "kwa kweli". Wala sigombi na yule anayechanganya Kisukuma na Kiswahili katika sentensi moja. Kiswahili chenyewe kimeokota maneno njia nzima. "Kalamu" lilitoka kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno, "shule" kwa Wajerumani, na "baiskeli" kwa Waingereza. Leo nani analiona neno "meza" kuwa la kigeni?

Kadhalika sigombi na wazee wanaochanganya l na r. Vijana wanaotoka mjini huwacheka. Mzee anasema "habali za leo", nao wanajifunga vinywa kwa mikono. Mzee akisema anakwenda kupiga "kula", wanaanguka chini kwa kicheko. Lakini katika Kisukuma cha mzee huyo l ndiyo iliyotawala, naye anakisema Kiswahili kwa ulimi aliozaliwa nao. Tena, nani alishindwa kumwelewa? Siku ya uchaguzi hakuna aliyedhani kwamba mzee anakwenda kituoni kula ugali. Neno lake limepinda kidogo, lakini limefika zima.

Neno lililokatwa halifiki. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Tazama maneno ya Kiswahili yalivyojengwa. Ulipojifunza kusoma ulianza na vipande: ba, be, bi, bo, bu. Ukaviunganisha vipande ukapata neno. Ukitamka neno la Kiswahili, uzito wa sauti huangukia kipande cha pili kutoka mwisho. Sema "kilimo", utasikia "li" likikazwa. Sema "thelathini", utasikia "thi". Kwa hiyo anayekata mwisho wa neno, mara nyingi anakata pale pale penye nguvu zake, kama mtu anayechinja kuku akakupa miguu.

Tuchukue siku za juma. Kiongozi anasema, "Tutakutana tena Juma...?" Siku tano kati ya saba zinaanza na "Juma". Hata akiongeza kipande na kusema "Jumata...?", bado hatujui kama ni Jumatatu au Jumatano. Na tarakimu je? Bwana shamba anafundisha nafasi ya kupanda pamba. Anasema, "Mstari hadi mstari sentimita 60, na shimo hadi shimo sentimita the...?" Wengi wanasema "thelathini". Aliyekaa nyuma, ambaye hakuja mkutano uliopita, anasema "themanini". Sauti zinachanganyika, na bwana shamba anaendelea mbele.

Wewe unajua hesabu, basi tupige. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Ukipanda sentimita 60 kwa 30, unapata mashimo zaidi ya 22,000. Ukipanda 60 kwa 80, unapata mashimo 8,000 na kitu. Jembe ni lile lile na palizi ni ile ile, lakini karibu theluthi mbili ya shamba lako imebaki tupu kwa sababu ya neno lililokatwa.

Zahanati ni vivyo hivyo. "Dawa hii mtoto atameza kwa siku ta...?" Tatu nayo inaanza na "ta". Tano nayo inaanza na "ta". Dawa ya mseto ya malaria humezwa kwa siku 3. Zipo dawa nyingine zinazomezwa kwa siku 5. Mama aliyeitikia haraka ili asionekane mjinga ndiye atakayekwenda nyumbani na vidonge mkononi.

Nilishuhudia jambo katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bariadi. Kijiji sitakitaja, wala msemaji. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua zimeanza, na watu wanangoja mbegu. Msemaji alitoka mjini, kijana hodari, mwenye sauti nzuri. Alieleza habari ya mbegu na dawa za kuua wadudu. Akafika mahali penye fedha.

"Mbegu na dawa mtapewa sasa," alisema. "Msimu wa kuuza ukifika, gharama zake mtali...?"

Upande mmoja wa mkutano ukaitikia, "Pa!"

Upande wa pili ukaitikia, "Pwa!"

Mimi nilizisikia zote mbili. Watu walicheka kidogo, na kijana naye akacheka. "Safi kabisa!" akasema. "Tuko pamoja?"

"Ndiyooo!"

"Tuko pamoja?"

"Ndiyooo!"

Basi akafunga daftari lake, akapanda pikipiki, akaondoka.

Ndugu msomaji, liangalie neno "lipa" na neno "lipwa". Tofauti yake ni herufi moja tu, ile w. Lakini herufi hiyo ndiyo inayosema fedha inatoka mfuko gani na kuingia mfuko gani. Mtalipa, fedha inatoka kwenu. Mtalipwa, fedha inakuja kwenu. Kiswahili huiweka habari kubwa namna hii mkiani mwa neno. Piga na pigwa, uza na uzwa, andika na andikiwa, yote hujulikana mwishoni. Ukikata mkia, hujui nani amempiga nani.

Katika kijiji kile walikuwako watu waliokwisha kununua dawa kwa fedha zao kabla ya mkutano. Hao ndio walioitikia "pwa". Walielewa kwamba gharama zao zitarudishwa. Mmoja wao aliuza mbuzi wawili baada ya mkutano, akanunua dawa nyingine, kwa kuwa aliamini fedha yake itarudi. Waliochukua kwa mkopo, wengi wao waliitikia "pa". Walijua kwamba kuna makato.

Mwezi wa Juni pamba ikaja kwenye mzani. Yule mwenye mbuzi akapimiwa, akahesabiwa fedha zake. Akauliza, "Na zile za dawa?" Karani wa mizani hakuelewa anaulizwa nini. "Tuliambiwa mkutanoni tutalipwa!" Jirani yake akamwambia, "Hapana, tuliambiwa tutalipa. Mimi mwenyewe niliitikia." Wakabishana mpaka marobota yakasahaulika. Mtu na jirani yake, ambao wamesaidiana kulima na kuvuna miaka mingi, wakaitana waongo mbele ya watoto wao. Wala hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja aliitikia kwa sauti kubwa, na kila mmoja aliambiwa "safi kabisa".

Msemaji hakusema "mtalipa". Hakusema "mtalipwa". Alisema "mtali", na "mtali" si neno. Ukimshtaki, utamshtaki kwa lipi?

Tabia hii imetoka wapi? Mimi nadhani imetoka darasani, na sitawalaumu walimu kupita kiasi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Watoto wakaja kwa wingi, madawati yakawa machache, na vitabu vikawa vichache zaidi. Tangu hapo darasa kubwa limekuwa jambo la kawaida. Mwalimu mwenye watoto mia moja na kitabu kimoja afanye nini? Anawaitikisha. Watoto wakiitikia hawasinzii, na mwalimu anajua kwamba angalau wako macho. Kwa mtoto wa miaka saba anayejifunza vipande vya maneno, si vibaya. Lakini mtoto huyo alikua. Akawa karani, akawa mhubiri, akawa mwenyekiti, akawa bwana shamba. Darasa alitoka nalo, akawa anatutendea sisi watu wazima kama watoto wa miaka saba.

Wapo watakaonijibu kwamba kuitikia ni jadi yetu. Ni kweli. Katika ngoma zetu, Wagika kwa Wagalu, mwimbishaji huanza na kundi hupokea. Watoto hutegeana vitendawili, mmoja akisema "kitendawili", mwingine husema "tega". Lakini hebu fikiri. Anayetega kitendawili husema maneno yake yote mpaka mwisho, kisha huuliza jambo lililofichika. Wewe unakuna kichwa. Unaweza kushindwa, na ukishindwa unatoa mji. Anayesema "kilimo cha pa..." hakufichi kitu wala hakuulizi kitu. Anataka sauti yako tu. Mtu anaweza kuitikia mkutano mzima huku akiwaza ng'ombe aliyepotea.

Zamani elimu ya watu wazima haikuendeshwa hivyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huku kwetu kazi ilikuwa imekwisha kuanza. Tangu mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, mikoa ya Ziwa ilikuwa na mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Mikoa hiyo ilikuwa Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga. Wakati huo sisi tulikuwa ndani ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuundwa mwaka 2012. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kazi zao wenyewe, kama vile pamba na ng'ombe.

Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza redio, wakasomewa kitabu, kisha wakajadiliana. Kiongozi wa kikundi alikuwa na maswali, na yalikuwa maswali kamili. Kwa nini tunaugua malaria hapa kijijini? Maji yetu tunayachota wapi? Sisi tutafanya nini? Jibu la maswali hayo halikuwa nusu ya neno. Lilikuwa choo kilichochimbwa, na nyasi zilizofyekwa kando ya nyumba.

Mwaka huu nilitembelea darasa moja la jioni chini ya mwembe. Nilikaa nyuma. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye moyo wa kazi, na ubao ameuegemeza kwenye shina. Akaanza, "Pamba tunaipanda kwa mi...?" Watu wakaitikia, "Stari!" Mbele alikaa mama mmoja mwenye umri wa bibi yangu, khanga kichwani, daftari magotini. Yeye hakuitikia. Mwalimu akamwendea kwa upole. "Mayu, mbona wewe husemi? Tunaipanda kwa mi...?"

Mama akamwangalia. "Mwanangu," akasema, "neno ni lako. Limalize."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anangoja kwelikweli, kalamu mkononi, ili aliandike neno likimalizika.

Mwalimu alisimama kidogo. Halafu akasema, bila kukata, "Pamba tunaipanda kwa mistari." Sauti yake ikashuka mwishoni. Mama akainama, akaandika. Mwalimu akauliza, "Kwa nini tunaipanda kwa mistari?"

Watu walikaa kimya. Kimya kilikuwa kirefu, mpaka tukasikia kengele za ng'ombe waliokuwa wakirudi kutoka mtoni. Nilimwona mwalimu akitaka kukivunja, lakini akajizuia. Mwisho mzee mmoja akanyosha mkono.

"Mimi naona ni kwa ajili ya palizi," akasema. "Lakini mwalimu, mimi napalilia kwa ng'ombe wawili na plau. Mnasema mstari hadi mstari sentimita 60. Zamani zilikuwa 90. Ng'ombe wangu wanapita vipi katika 60?"

Mwenzake akadakia kwamba afunge ng'ombe mmoja. Mwingine akasema kwamba ng'ombe mmoja hawezi, ardhi ya huku ni nzito, labda watu wapalilie kwa mkono. "Kwa mkono ekari tano?" mke wa mtu akauliza, na wanawake wote wakageuka, maana mikono iliyokuwa ikisemwa ni yao.

Mwalimu hakuwa na jibu, wala hakujifanya analo. Alichukua chaki akaliandika swali la mzee ubaoni, neno kwa neno, akachora ile alama mwishoni. Akasema atalipeleka kwa bwana shamba siku ya Alhamisi. Jua lilikuwa limezama, na watu walikuwa bado wanabishana juu ya ng'ombe.